Pipa Lililoambiwa Bado

Hoteli Nyota ya Kati
Kikuyu, Dodoma
6 Agosti 2024

Mzee Yotham,

Shikamoo. Hatujuani kwa sura, lakini chupa zako nazijua vizuri kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nazipangusa vumbi. Naitwa Munira. Nafanya kazi katika hoteli hii ambayo Henry alikuwa akiichukulia mvinyo kwako. Henry ameondoka. Kapata kazi Arusha, kaaga kwa ujumbe wa simu, na mambo yote ya karamu nimeangushiwa mimi. Nilijaribu kukupigia, ukawa unasema "Nani? Nani?" mpaka salio likakata. Dereva wetu Abeli, huyu anayekuja Zuzu kuchukua mboga, akaniambia masikio yako yamechoka siku hizi na kwamba barua unazisoma. Basi nakuandikia.

Tarehe 31 tuna wageni ishirini na wawili. Ni watu waliosoma chuo pamoja zamani, sasa wengi wamestaafu, wanakutana kula chakula cha usiku. Mwenyekiti wao, Mama Jenifa, ameishi nje miaka mingi na mumewe wa ubalozini, na ametoa sharti moja tu: kila chakula kiwe na mvinyo wake, na mvinyo wote uwe umetoka kwenye udongo wa Dodoma. Menyu ameichagua mwenyewe. Kwanza sato wa Mtera. Halafu ugali wa uwele na mlenda wa karanga. Halafu mbuzi wa kuchoma. Mwisho matunda.

Mzee, naomba unisikilize vizuri hapa. Meneja wetu, Bwana Damas, aliuliza kikaoni nani anaweza kusimamia karamu hii pamoja na mvinyo wake. Watu wote wakaangalia viatu vyao. Mimi nikasema, "Mimi." Mdomo wangu ulitangulia, akili ikafuata baadaye ikikimbia. Sasa nafasi ni ya majaribio. Chakula kikienda vizuri nabaki kuwa msimamizi wa karamu. Kikiharibika narudi chumba cha kufulia. Nimefua mashuka ya watu tangu nikiwa msichana, mpaka kucha zangu zikawa nyeupe kwa dawa. Sirudi huko kwa hiari yangu.

Niambie upi uende na samaki, upi na mbuzi. Na huo mlenda, niambie chochote.

Wako katika haraka,
Munira

*

Zuzu
9 Agosti 2024

Mwanangu Munira,

Marahaba. Nimefurahi kupata barua yenye mwandiko unaosomeka. Henry alikuwa ananiandikia kama anafukuzwa.

Ningekuja mjini tukaongea ana kwa ana, lakini zabibu zimeanza kuiva na ndege wameshapata habari. Nashinda shambani napiga madebe. Ukiniona utadhani nimerukwa na akili. Jirani yangu ameninunulia mwanasesere wa nailoni mwenye mikono ya kupepea, ndege wakamtazama asubuhi moja, mchana wakawa wamekaa juu ya kichwa chake.

Nakutumia chupa tatu kwa mkono wa Abeli. Moja ni ya mweupe, moja ya mwekundu wa msimu uliopita, na moja ya ule mtamu wa kunywa na matunda. Zionje kwanza wewe mwenyewe, polepole, mmoja leo, mwingine kesho. Uniambie ulimi wako umesema nini, ndipo tuzungumze kama watu wawili wanaojua. Kumchagulia mtu kabla hajaonja ni sawa na kumchagulia viatu kwa simu.

Mlenda, kwa kweli, hajawahi kuniuliza mtu. Acha niufikirie.

Yotham

*

Kikuyu
12 Agosti 2024

Mzee Yotham,

Shikamoo. Chupa zimefika salama. Nimezipanga mezani, nikazitazama, nazo zikanitazama.

Afadhali niseme sasa kuliko baadaye. Mimi ni Mwislamu, mzee, mtoto wa Kondoa, na mvinyo haujawahi kupita kwenye koo langu wala hautapita. Chupa nazishika kama muuguzi anavyoshika dawa za wagonjwa. Najua upi ukae kwenye baridi na upi usikae, najua glasi ya kila mmoja, najua kuifungua bila kizibo kuvunjika, kwa sababu nilisimama pembeni ya Henry muda mrefu nikitazama mikono yake. Ladha siijui. Bwana Damas hakuniuliza kama naonja. Aliuliza kama naweza, nami nikasema naweza. Mama yangu anajua nasimamia chakula, na hilo si uongo, na tuishie hapo.

Unaweza kusema nimtafute mtu hapa hapa hotelini. Nimemtafuta. Mpishi wetu Evarista ni mlokole, hata mkate akiusikia una hamira nyingi anaukemea. Nikampa Abeli. Nilimwekea mweupe, akanywa kama anameza dawa ya malaria, akasema, "Safi." Nikampa mwekundu. "Safi." Nikampa ule mtamu. Akafikiri sana, nikasogea karibu, akasema, "Dada, bia baridi hakuna?"

Kwa hiyo naomba jambo moja, na ukikataa nitaelewa. Uwe ulimi wangu. Wewe umeutengeneza mvinyo huu kwa mikono yako, unaujua kuliko mtu yeyote. Niandikie kila mmoja ukoje mdomoni, kwa maneno ya mtu aliyeonja, nami nitayashika kichwani na kuyasema mbele ya Bwana Damas na mbele ya Mama Jenifa. Siku zinakwenda, mzee, na mimi silali vizuri. Naota mashuka.

Munira

*

Zuzu
15 Agosti 2024

Mwanangu Munira,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umefanya vizuri kunieleza. Mtu asilazimishwe kumeza asichokiamini, hata kama mshahara uko upande wa pili.

Haya, chukua kalamu.

Mweupe ni mgeni wa asubuhi. Anabisha hodi, anasalimia, anakunywa maji ya baridi, anaaga. Ndivyo husemwa, na ni kweli. Unagusa pembe za ulimi kidogo kama limau lililokatwa jana, halafu unaondoka bila kuacha mzigo. Mpe samaki. Ukimkalisha na nyama ya mbuzi ataona aibu, atanyamaza, na wageni watadhani wamepewa maji.

Mwekundu wa msimu uliopita ni kijana aliyetoka jeshini. Anapiga hodi kwa goti. Anakausha fizi, anasema kwa sauti, anataka kila mtu ajue amefika. Huyo ukimwekea nyama yenye mafuta na chumvi anatulia, anakaa, anakuwa mtu. Bila nyama ni ugomvi.

Ule mtamu ni shangazi. Anakuja mwisho, anabusu watoto, hakuna anayemkataa.

Kuhusu mlenda nitakupa maoni yangu mwenyewe, si ya mtu mwingine: uacheni peke yake. Mlenda una mambo yake na koo. Wape maji, au togwa, wapumzike, ndipo mbuzi aje. Mama Jenifa akilalamika mwambie hata mvinyo unahitaji kukaa kimya mahali fulani.

Ndege leo wamekuja makundi makundi kama wameitwa kwenye mkutano. Ngoja nikapige debe.

Yotham

*

Kikuyu
21 Agosti 2024

Mzee Yotham,

Shikamoo, na ahsante, na Mungu akuzidishie! Maneno yako yameniokoa juzi.

Bwana Damas aliniita ofisini. Nikakuta amefungua chupa ya mwekundu wako iliyokuwa stoo na kuimimina kwenye glasi mbili. Akasema, "Haya, msimamizi, nieleze." Nikainua glasi, nikaizungusha kama Henry, nikainusa, nikairudisha mezani taratibu. Nikasema, "Huyu ni kijana aliyetoka jeshini. Anapiga hodi kwa goti." Bwana Damas akanywa. Akacheka, akanywa tena. "Kweli kabisa," akasema, "kwa goti!" Halafu akaitazama glasi yangu ikiwa imejaa. Nikasema mimi nikiwa kazini nanusa tu. Akaitikia kwa kichwa, lakini jicho lake halikutoka kwenye ile glasi upesi.

Mlenda kwa togwa, Mama Jenifa kakubali. Kacheka mpaka simu ikakwaruza. Tatizo sasa ni mbuzi. Anasema kijana wa jeshini ni sawa kwa watu wa umri wa kijana wa jeshini. Kwa mbuzi anataka mwekundu uliokaa, uliokomaa, na akaongeza kwamba mmoja wa wageni, Mzee Matonya, ni Mgogo wa huku huku, amekunywa mvinyo wa Zuzu kabla sisi hatujajua chupa ni nini, na hatadanganyika.

Abeli ameniambia kitu. Anasema kwenye ghala lako kuna pipa moja limefunikwa turubai, liko peke yake pembeni, na alipotaka kuliegemea ulimfokea. Je, huo si mwekundu uliokaa? Naomba chupa nane tu za pipa hilo.

Na jambo dogo linanisumbua, labda ni wasiwasi wangu tu. Uliposifu mweupe uliandika "ndivyo husemwa". Kwenye mlenda ukasema ni maoni yako mwenyewe. Na hayo mengine, nani husema?

Munira

*

Zuzu
24 Agosti 2024

Munira,

Pipa lile halijawa tayari. Nitakuongezea chupa za huyu kijana wa jeshini bila tatizo.

Tumeanza kuchuma upande wa bondeni. Jua ni kali na vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Usiniulize tena habari za pipa.

Yotham

*

Kikuyu
27 Agosti 2024

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nzima nikiizungusha mfukoni. Nilijiambia nisikujibu nikiwa na hasira, sasa nakujibu nikiwa nayo bado, nisamehe.

Nimekuambia siri ambayo hata mama yangu hajui yote. Nimekupa mikononi mwako kitu ninachokitaka kuliko chochote, hii nafasi. Nikakuomba uwe ulimi wangu, ukakubali. Sasa ulimi unanificha. Kama mvinyo huo ni mbaya, sema ni mbaya. Kama umeuweka kwa ajili ya harusi ya mtu, sema. Kama hunitaki mimi kwa sababu ya dini yangu au ujinga wangu, sema pia, nitaumia halafu itapita. Lakini siwezi kusimama mbele ya watu wazima na maneno ya mtu anayejificha nyuma ya ndege na madebe.

Bwana Damas ameanza kunitazama. Jana kaniuliza, "Munira, hivi wewe unaonja saa ngapi?" Nikajibu chakula kinaungua jikoni, nikakimbia. Hakukuwa na kitu kinachoungua.

Jumamosi ndiyo siku. Abeli atapita kwako asubuhi ile ile kuchukua mboga za mwisho. Chochote utakachompa nitakipokea, hata kama ni barua tupu.

Munira

*

Zuzu
31 Agosti 2024, alfajiri

Mwanangu Munira,

Kreti anayoileta Abeli ina chupa nane za pipa lile. Zifungue mapema zipate hewa. Sasa kaa chini kama kuna kiti, usome yaliyobaki.

Tangu niokoke nikiwa kijana sijaweka mvinyo mdomoni, hata tone. Nalima, nachuma, nakamua, naosha mapipa, nanusa. Kanisani wananivumilia kwa sababu hiyo, na mchungaji ananiombea mara kwa mara bila kuniambia anaomba nini. Aliyekuwa akionja ni mke wangu Anjelina, Mama Sila. Kwao walikuwa Wakatoliki, alijifunza kazi hii kwa mapadri akiwa binti, na alipoolewa na mlokole alisema, "Wewe shika jembe, mimi nitashika ulimi." Tukaishi hivyo, na mvinyo wetu ukajulikana.

Mama Sila alifariki mwaka juzi. Maneno yote niliyokuandikia ni yake. Mgeni wa asubuhi ni wake, kijana wa jeshini ni wake, shangazi ni wake. Aliyasema juu ya mvinyo uliokwisha kunywewa siku nyingi. Huu niliokutumia wewe nimeutengeneza peke yangu, kwa pua na kwa kukumbuka mikono yake ilivyokuwa inafanya. Sijui ukoje. Watu wananunua na hawarudi kuniambia. Uliponiomba niwe ulimi wako nilitaka kukataa, lakini mwanangu, ilikuwa mara ya kwanza tangu azikwe mtu kutaka kusikia maneno yale. Niliyaandika nikamsikia jikoni. Nikashindwa kuacha.

Na pipa lile. Alipokuwa hawezi tena kusimama nilimpelekea mvinyo wake kwenye kijiko cha chai. Akauzungusha mdomoni, akafumba macho, akasema, "Bado, Yotham. Usiliguse." Hakuonja tena kitu baada ya hapo. Yeye ndiye alikuwa wa kusema bado, na yeye ndiye alikuwa wa kusema tayari. Bado nilipewa. Tayari sikupewa. Kila nikiingia ghalani nalipita pipa lile kama mtu anayepita mlango wa mgonjwa.

Jana usiku nimelifungua kwa ajili yako. Nimemwaga kidogo chini. Umeniambia ukweli wako mapema na mimi nimekuletea wangu siku ya shughuli, hilo ni kosa langu wala sina namna ya kulipamba. Kama unaona ni salama zaidi, zirudishe chupa na umpe Mama Jenifa kijana wa jeshini.

Yotham

*

Kikuyu
2 Septemba 2024

Mzee Yotham,

Shikamoo baba. Nakuandikia kwa urefu kwa hiyo acha madebe, kaa.

Barua yako niliisomea stoo, nimekaa juu ya kreti yenyewe. Nilipofika mwisho nilicheka. Kicheko cha vibaya, kile kinachokaribia kulia. Kipofu alikuwa ameshikwa mkono na kipofu mwenzake, na wote wawili walikuwa wakisifu njia! Nilifikiri nimpigie Bwana Damas niseme naumwa. Nilifikiri nipande gari la Kondoa. Nikasikia anaita, "Munira, glasi!" Miguu ikaenda.

Wageni waliingia wakikumbatiana na kutaniana kuhusu vitambi. Sato akatoka, mweupe ukatoka. Mama Jenifa akagonga glasi kwa kijiko, "Msimamizi, tuelezee." Nilikuwa na mgeni wa asubuhi wote kichwani, neno kwa neno. Nikamwona Anjelina nisiyemjua, amekaa na kijiko cha chai. Sikuweza, baba. Ilikuwa ni kama kuvaa kanga ya marehemu bila ruhusa. Nikasema, "Leo ninyi ndio mnielezee mimi." Wakacheka, wakadhani ni madoido ya hoteli. Mmoja akasema unakimbia upesi mno, mwingine akasema ni mwepesi unafaa. Bwana Damas alikuwa mlangoni ameshika kikombe cha vijiti vya meno, hacheki.

Togwa na mlenda vilipita vizuri kuliko vyote. Walilamba bakuli.

Ndipo mbuzi. Nikaanza kumimina mvinyo wa pipa lako. Nilianza na Mzee Matonya kwa sababu ndiye mkubwa wao. Mzee mrefu, mkavu, koti la kaki. Akaifunika glasi kwa kiganja. Akasema, "Binti, huku kwetu anayeleta pombe anatangulia kuonja, aondoe sumu. Mvinyo mwingine nimekusamehe, lakini huu unanukia utu uzima. Haya, tangulia." Meza nzima ikapiga makofi. "Atangulie! Atangulie!"

Nilisimama na ile chupa. Nilimwona Bwana Damas akisogea hatua moja mbele, nikajua hili ndilo alilokuwa analingoja wiki nzima. Nikaiona kazi yangu inaondoka, nikaiona kabisa, imevaa viatu. Nikasema, "Mzee, mimi sinywi. Ni Mwislamu. Aliyeutengeneza pia hanywi, ameokoka. Aliyekuwa anauonja ni mke wake, na amefariki. Kijiko cha mwisho alisema bado. Tangu siku hiyo hakuna binadamu aliyeuonja mvinyo huu. Siwezi kuwaondolea sumu, kwa sababu hata mimi sijui kilichomo."

Nilisikia feni. Mama Jenifa akaweka uma wake chini.

Mzee Matonya akaniuliza polepole, "Mke wake ni nani?" Nikasema Anjelina wa Zuzu. Akaondoa kiganja juu ya glasi. "Yule aliyekuwa akimfukuza mnunuzi asiyekubali kusubiri? Alinifukuza mimi mara mbili." Akasimama. Mtu mzima kama yule akasimama, baba, na akanywa amesimama. Akautuliza mdomoni. Akakaa, akakata kipande cha mbuzi, akala, akanywa tena, muda mrefu mpaka nikataka kupiga kelele. Halafu akasema hivi, na nimeyaandika nyuma ya menyu yasinipotee:

"Mwambie Yotham uko tayari. Ulikuwa tayari tangu mwaka jana. Umechoka kusubiri, unaonekana kwenye mwisho wake, unaanza kukunja uso. Lakini bado ni wake yule mama, na ni mzuri. Asiuache tena. Akiulinda mwaka mwingine atakuwa analinda siki."

Mama Jenifa akanyoosha glasi yake. Wakafuata wote. Hazikubaki chupa.

Kijana wa jeshini hawakumhitaji. Ule mtamu wameukataa, nakuambia ukweli. Wamesema umezidi sukari, na Mzee Matonya kasema shangazi huyo amejipaka manukato mengi. Hilo urekebishe.

Sasa mimi. Leo asubuhi Bwana Damas kaniita. Alikuwa akichezea kalamu. "Ungeniambia," akasema. Nikamjibu, "Ungeniondoa." Akafikiri, akasema, "Ningekuondoa." Nilimshukuru moyoni kwa kutodanganya. Akasema chupa isiyoonjwa na mtu haitaingia tena kwenye meza yake, na kwamba Mzee Matonya amejitolea kuwa anapita hapa kuonja, bila malipo, kwa kero kubwa ya mkewe. Halafu akanisukumia karatasi nitie sahihi. Msimamizi wa karamu, na neno "majaribio" limefutwa.

Nimetoka ofisini nikapita chumba cha kufulia, nikasimama mlangoni nikanusa ile dawa ya mashuka, nikaondoka.

Nina furaha na nina mashaka pia, kwa sababu yako. Niandikie uniambie umeyapokeaje maneno ya mzee yule. Kama nimekuumiza, nisamehe.

Mwanao,
Munira

*

Zuzu
9 Septemba 2024

Mwanangu Munira,

Marahaba. Hongera kwa kazi. Nimeusoma mstari ule wa sahihi nikapiga debe, na hapakuwa na ndege.

Barua yako Abeli aliniletea ghalani. Niliposoma maneno ya Matonya nilikaa juu ya ndoo nikalia. Abeli, maskini, akatoka nje akajifanya anakagua matairi. Nilidhani nikiligusa pipa nitakuwa nimemkatiza Mama Sila maneno. Kumbe alikuwa amemaliza kusema, mimi ndiye niliyebaki nimesimama namsubiri. Mvinyo wake umezeeka ukimsubiri mtu ambaye hata haonji.

Nimelitoa lote. Mwanetu Sila amepata ruhusa kazini, amekuja na mkewe, tumejaza chupa mpaka tukakosa vizibo. Mkewe huyo anakunywa, ananitazama kwa woga akinywa. Nikampa ule mtamu, akakunja uso, akasema kama Matonya. Nimemwambia kila anapokuja aonje na aseme anavyoona mwenyewe, asinitafutie maneno ya mama mkwe. Kasema mweupe wa mwaka huu ni mtu anayeongea huku anatafuta funguo. Sikuelewa, ila nimecheka.

Mwambie Matonya aje siku moja achukue chupa zake. Alifukuzwa mara mbili, zinamstahili mbili.

Jana baada ya ibada nilipita kaburini. Sikumwaga kitu, mimi si mtu wa matambiko na yeye angenicheka. Nilivua kofia nikasimama. Nilitaka kumweleza yote, habari za wageni na za mlenda na zako, nikaona ni marefu. Nikasema moja tu, na nililisema kwa sauti kubwa kwa sababu siku hizi hata sauti yangu mwenyewe siisikii vizuri:

"Mama Sila, mvinyo uko tayari."

Watu waliokuwa wanatoka kanisani waligeuka wakanitazama. Nikavaa kofia yangu nikarudi shambani, maana upande wa mlimani bado hatujachuma.

Yotham